Bwalo Liwe Wazi Kila Alhamisi: Hotuba ya Kufungua Wiki ya Utamaduni Chuoni

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wakufunzi wenzangu, wafanyakazi wa chuo, majirani zetu mlioitikia mwaliko, na nyinyi wanafunzi wenye shughuli yenu, hamjambo?

Nimeombwa niifungue wiki yetu ya utamaduni kwa kuwa ndimi mlezi wa chama cha drama. Kwa kawaida anayefungua husifu mavazi, hushukuru waliochanga, kisha huketi ngoma zianze. Mavazi nimeyaona na yamependeza kwelikweli. Waliochanga nawashukuru kwa moyo wote. Ila kabla sijaketi nina ombi, nalo nitalieleza kwa kirefu maana limenikaa moyoni muda mrefu. Naomba shughuli hii tunayoifanya wiki moja kwa mwaka tuifanye kila Alhamisi jioni, muhula baada ya muhula, katika bwalo hili hili, na lango likiwa wazi.

Tutazame mambo yalivyo sasa. Wiki ya utamaduni ikikaribia, wanafunzi hujigawa kwa makabila. Kila kundi hutafuta video kwenye simu, hujifunza hatua mbili tatu, huazima shuka na shanga, hupanda jukwaani, hupigiwa makofi na kupigwa picha. Ijumaa jioni ngoma hurudi stoo. Jumatatu kila mtu yuko karakanani. Siwalaumu wanafunzi, kwa sababu ratiba ndiyo iliyowazoesha hivyo. Lakini hasara yake ni kubwa. Hakuna aliyepata muda wa kuuliza wimbo ule huimbwa lini na nani huuanzisha. Hakuna aliyetunga wake. Mjaluo amecheza ya kwao, Mkamba ya kwao, Mgiriama ya kwao, na kila mmoja amerudi bwenini bila kumfunza mwenzake hata pigo moja.

Nchi yenyewe imetuonyesha kwamba siku moja kwenye kalenda si ya kutegemewa. Kwa miaka kadhaa tarehe 10 Oktoba iliitwa Siku ya Utamaduni. Tangu mwaka wa 2024 tarehe hiyo hiyo ni Siku ya Mazingira. Miti ni kitu chema na tutaipanda, lakini siku ya utamaduni imeondoka na sijasikia wengi wakiiulizia. Kilichobaki ni Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 11 inatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuitaka serikali ikuze fasihi, sanaa, sherehe za jadi na maktaba. Jambo lililopewa uzito huo na Katiba sisi tumelitengea siku tano baada ya mitihani ya majaribio.

Sasa niseme juu ya wanafunzi tunaowapokea. Kila tunaposajili wapya, wamo waliofika ngazi ya kitaifa wakiwa shule za upili. Tamasha la muziki la nchi hii lilianza mwaka wa 1927, na lile la drama mwaka wa 1959, kwa hiyo tangu enzi za nyanya zetu vijana wa Kenya wamekuwa wakilelewa kwenye majukwaa hayo. Mwanafunzi wa namna hiyo anakuja kwetu na sauti iliyofunzwa. Anajua kusimama mbele ya umati bila magoti kugongana. Tunampa nambari ya usajili, ovaroli na ratiba ya warsha, na ule ujuzi mwingine hakuna anayemuuliza. Yupo kijana wa idara ya mabomba niliyemkuta nyuma ya karakana akighani shairi refu, peke yake, huku akingoja gundi ya bomba ishike. Nilimuuliza ni shairi la nani. Ni lake. Alilitunga kidato cha tatu, na humu chuoni hapakuwa na mtu aliyewahi kulisikia. Kesho kutwa mtalisikia hapa, maana nimemwandikisha.

Watu hudhani sanaa ni ya vyuo vikuu vyenye idara za maigizo na kumbi za viti vya mahameli. Mimi naona chuo kidogo cha ufundi kama hiki ndicho kilichojaliwa zaidi. Mchezo wa kuigiza unahitaji seremala, fundi wa umeme, fundi wa cherehani, mpaka rangi, mtu wa hesabu na mtu wa kuwapikia waigizaji. Wote hao tunao, na wako umbali wa hatua mia kutoka mahali niliposimama.

Wale mliohudhuria mchezo wetu wa muhula uliopita mtakumbuka taa. Pengine hamkujua zilikotoka. Wanafunzi wa umeme waliomba mikebe mitupu kwa wenzao wa rangi, ile ya lita nne. Wakaisugua, wakatoboa matundu upande wa nyuma ili joto lipate pa kutokea, wakafunga holda za kauri, wakaning'iniza mikebe kwenye bomba la chuma walilochomelewa na idara ya uchomeleaji. Kwa rangi walitumia karatasi za nailoni, zile nyekundu na za samawati zinazofungiwa zawadi. Jaribio la kwanza karatasi zilinywea kwa joto la balbu, na bwalo zima likanuka nailoni. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akakunja fremu za waya, akazisogeza karatasi mbele ya mkebe, mbali na balbu, na usiku wa onyesho hazikunywea tena. Swichi zote walizipanga kwenye ubao mmoja, kila moja ikiwa na kibandiko: asubuhi, jioni, moto, jela. Mkufunzi wao aliniambia kwamba kwenye ubao ule walijifunza kugawa mzigo wa stima vizuri kuliko walivyojifunza kwa wiki kadhaa darasani, kwa kuwa safari hii kosa lingeliacha jukwaa gizani mbele ya wazazi wao. Maneno hayo ni ya mkufunzi wa umeme, na mimi wa Kiswahili nimeyapokea kwa mikono miwili.

Wenzao wa ushonaji walikwenda Gikomba kutafuta mapazia ya mitumba, wakashona kanzu za wazee wa baraza. Bado zinavaliwa.

Kuna ambao watasema bwalo si ukumbi. Pale Barabara ya Dunga, katika eneo la viwanda la mji huu huu wa Nairobi, ghala kuukuu liligeuzwa mwaka wa 2003 kuwa kituo cha sanaa, ndicho hicho GoDown, na wachoraji, wanamuziki na wacheza densi wakafanyia kazi humo miaka mingi. Hapa jirani yetu pia tunao mfano. Ukumbi wa Kaloleni, katika mtaa uliojengwa miaka ya 1940, ni jengo la kawaida tu la mtaa, lakini ndimo wapigania uhuru walimokuwa wakihutubia wakaazi wa Nairobi na kubishana nao. Jengo hupata hadhi kutokana na yanayofanyika ndani yake, na hili letu lina paa, lina stima, lina milango miwili mipana.

Nakuja sasa kwenye isukuti, na hapa mniruhusu nikae kidogo.

Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, kule Kakamega, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Si orodha ya kujivunia tu. Ni orodha ya vitu vinavyoweza kupotea tukiwa tunaviangalia. Sababu zilizotolewa zinaeleweka: watunzi na wachezaji wengi ni wazee wasio na warithi, vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni vigumu kupata, na watazamaji wengi wa siku hizi hupendelea burudani za kisasa. Isukuti hupigwa kwenye harusi, mtoto anapozaliwa, vijana wanapotahiriwa, matangani, na hata kwenye mashindano ya michezo. Ngoma zenyewe ni tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na watu wa huko husema ni baba, mama na mtoto. Zinasindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma.

Wanafunzi wetu walikuwa na ngoma zote tatu. Walifanya mazoezi humu bwaloni, meza zikiwa zimesukumwa ukutani, baada ya chakula cha jioni. Mimi niliketi pale pembeni na daftari langu, na masikioni mwangu waliipiga vizuri. Mlango wa jikoni ukafunguka. Mpishi wetu mmoja, mzee mnayemjua nyote, akatoka akipangusa mikono kwa aproni. Alisimama kimya nyimbo mbili nzima. Kisha akasema, kwa upole, "Wanangu, huyo mtoto anamfuata baba. Mtoto hamfuati baba, mtoto ndiye anayekimbia." Mzee huyo ni mzaliwa wa Shinyalu, huko huko Kakamega. Akaivaa ngoma ndogo begani, akaibana kwapani, akaanza kuipiga kwa vidole vilivyokuwa bado vimelowa, kasi ambayo sikudhani vidole vya binadamu vinaiweza. Ngoma kubwa ikajikuta inamjibu. Mabega ya wanafunzi yakaanza kutikisika kabla hawajaambiwa. Kisha akawafundisha anayeanzisha wimbo asimame wapi, na kwa nini wachezaji huenda wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Alikaa nao hadi mlinzi alipokuja kuuliza kama bwalo halifungwi usiku huo.

Mzee yule amekuwa akitupikia githeri kwa miaka, na kila wiki ya utamaduni tumekuwa tukipakua video za isukuti kwenye simu, yeye akiwa nyuma ya ukuta huo. Je, wako wangapi wengine? Mama anayeuza mandazi langoni ametoka Kwale. Je, tumewahi kumuuliza anajua nyimbo gani za harusi? Askari wetu wa usiku, karani wa masjala, yule fundi viatu wa pale kituoni? Walimu wa sanaa tunaowatafuta mbali tunapishana nao kila asubuhi. Hawawezi kutufunza kwa wiki moja. Wanahitaji Alhamisi nyingi.

Hapo ndipo linapoingia jambo la pili la ombi langu, yaani lango.

Mji wa Nairobi una historia ya kufungia watu wake nje ya mambo ya utamaduni. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo ulifunguliwa mwaka wa 1952, mwaka ule ule wa kutangazwa hali ya hatari, ukitazamana na hoteli ya Norfolk. Hata uhuru ulipopatikana, mambo hayakubadilika mara moja. Mwaka wa 1976, waigizaji Wakenya waliotaka kuonyesha mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, walilazimika kung'ang'ania siku chache katika ukumbi huo, kwa kuwa kalenda ilikuwa imetengewa maonyesho ya kigeni. Ulipochezwa, watazamaji walitoka ukumbini wakiimba hadi barabarani. Kumbukeni kwamba barabara hiyo siku hizi inaitwa Harry Thuku, jina la mmoja wa Wakenya wa kwanza kuupinga ukoloni kwa siasa.

Mwaka uliofuata, 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Waigizaji walikuwa wakulima na vibarua wa viwandani. Walijijengea jukwaa lao uwanjani, na mazoezi yakawa yanafanyika waziwazi. Mtu akipita njia husimama, husikiliza, na akiona mzee amezungumzishwa kama mtoto, husema hapana, mzee hasemi hivyo. Mchezo ukarekebishwa na kijiji kizima kabla haujaanza kuonyeshwa. Serikali ikaupokonya kibali mwezi wa Novemba mwaka huo, mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka wa 1982 askari wakaubomoa ukumbi. Nayataja haya kwa heshima, hasa sasa ambapo Ngũgĩ mwenyewe ametutoka, mwezi wa Mei 2025. Waliobomoa walijua walichokuwa wakikibomoa. Kilichowatisha hakikuwa maandishi peke yake, bali watu wa kawaida waliokuwa wamepata mahali pa kukutana kila wiki na kusema.

Sisi leo hakuna anayetunyima kibali cha kufanya mazoezi bwaloni. Lango letu hufungwa saa kumi na moja kwa mazoea tu. Nje ya ukuta huu kuna watoto wanaocheza kwenye vumbi la kituo cha matatu hadi giza liingie, kuna vijana waliomaliza shule na hawajapata kazi, kuna kina mama wanaojua nyimbo ambazo hazijarekodiwa popote. Waje wakae nasi. Waje mazoezini, wasingoje onyesho, kwa sababu mazoezini ndiko mtu hupata nafasi ya kukosoa na kusaidia. Kiingilio kisiwepo. Mwaka wa 1974 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walianza kuzunguka nchi na maigizo yao bila kumtoza mtu hata senti, kama wenzao wa Makerere walivyokuwa wameanza mwaka wa 1965. Wao walisafiri kuwafuata watazamaji mikoani. Sisi watazamaji wako ng'ambo ya ukuta.

Kuhusu lugha sitasema mengi. Kiswahili kitatuunganisha, lakini Alhamisi isiwe darasa langu. Mwenye kuimba kwa Kigiriama aimbe, mwenye kughani kwa Sheng aghani, ilimradi anayesikiliza aelezwe. Ninachokataa ni kitu kimoja tu: mtu kupanda jukwaani na wimbo wa jamii nyingine kwa nia ya kuwachekesha watu. Hilo nimeliona kwenye tamasha zaidi ya moja, na linaumiza.

Najua maswali yatakayokuja ofisini. Bursa atauliza pesa. Taa tunazo, ngoma tunazo, bwalo ni letu. Tutakachohitaji ni kulipia saa za ziada za mlinzi, na chama cha drama kimekubali kuzigharamia kutokana na mapato ya mchezo wa muhula uliopita. Wakuu wa idara watauliza mitihani. Wiki mbili za mitihani hatutakutana. Msimamizi wa mabweni atauliza usalama wa wasichana wanaporudi usiku, na hilo ndilo swali ninaloliona zito kuliko yote. Ndiyo maana nataka tuanze mapema na tumalize saa moja na nusu, na wakufunzi wawili wabaki hadi mwanafunzi wa mwisho afike bwenini. Mimi nitakuwa mmoja wao kila wiki. Naomba wa pili ajitokeze leo, kabla hamjatawanyika.

Mkutubi wetu naye nina neno naye. Naomba daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Kila Alhamisi tuandike humo nani alifanya nini: wimbo gani, wa wapi, nani aliufundisha, maneno yake, nani alitengeneza taa. Na mwenye wimbo aulizwe kwanza kama anakubali uandikwe, maana nyingine si za kila sikio. Mwanafunzi atakayejiunga nasi miaka kumi ijayo akute mahali pa kuanzia.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, umenisikiliza kwa uvumilivu. Ninachokuomba hasa ni ufunguo wa pili wa bwalo ukae kwa mwenyekiti wa chama cha drama, na barua fupi kwa mlinzi kwamba kila Alhamisi lango dogo lisifungwe kabla ya saa mbili kasorobo.

Ukikubali, tutaanza Alhamisi ijayo saa kumi na moja jioni. Zamu ya kwanza ni ya idara ya ushonaji, ambao wana mchezo mfupi wameuandika wenyewe kuhusu bei ya uzi. Mpishi wetu atakuwa na ngoma zake tatu baada ya hapo, na amesema anataka wanafunzi sita ambao hawajawahi kugusa isukuti, wasiotoka Kakamega. Orodha iko kwenye meza ya mlangoni, kando ya jagi la maji. Andikeni majina. Majirani, nanyi andikeni yenu, pamoja na mtaa mnaotoka, ili tujue viti tuvipange vingapi.

Mfawidhi, kipaza sauti ni chako. Ahsanteni sana.